Shajara ya mradi: seli zinazotambaa kutoka kwenye gamba la perege

Naandika hatua kwa hatua ili mwalimu mwingine, au mwanafunzi mwenye hadubini na simu, aweze kuirudia kazi hii bila kupoteza wiki nilizopoteza mimi. Yaliyokwenda vizuri nayapitia haraka. Yaliyoharibika nayaeleza kwa urefu, maana ndiko muda na pesa vilikoishia. Kazi imefanyika chumbani kwangu Tabata, Dar es Salaam, na baadaye kwenye maabara ya shule ninakofundisha.

8 Februari 2025. Swali lililoanzisha

Wiki hii nilikuwa na kidato cha tano kwenye muundo wa seli. Nilipofika kwenye sitoskeletoni, yaani kiunzi cha seli, nikachora ubaoni nilivyozoea: mistari iliyopishana ndani ya duara, kama fito za nyumba ya udongo kabla haijakandikwa. Nikasema hiki ndicho kinachoipa seli umbo. Msichana mmoja wa karibu na dirisha akanyoosha mkono. "Mwalimu, juzi ulisema seli nyeupe za damu zinapenya ukuta wa mshipa na kutoka nje. Kama ndani zina fito, zinapenyaje? Fito si zitavunjika?"

Nikamjibu kwamba fito zile huvunjwa na kujengwa upya muda wote. Jibu ni sahihi, ila niliona usoni mwake kwamba halijamfikia, na sikuwa na cha kumwonyesha. Mchoro wangu wenyewe ndio uliokuwa unanipinga.

Kiunzi cha seli kina nyuzi za aina tatu. Nyembamba kabisa ni za aktini, zenye unene wa nanomita 7 hivi. Zinafuata nyuzi za kati, kama zile za keratini kwenye ngozi, nanomita 10. Nene kuliko zote ni mikrotubuli, vijibomba vya protini ya tubulini vyenye kipenyo cha nanomita 25. Hadubini ya shule haiwezi kuonyesha hata mmoja wa nyuzi hizi, kwa sababu mwanga wa kawaida haupambanui vitu vilivyokaribiana chini ya nanomita 200 hivi. Kwa hiyo lengo langu si kuuona uzi. Nataka kuiona kazi yake: seli inayotambaa, mbele inajengwa, nyuma inabomolewa.

Nimechagua keratosaiti, seli za ngozi ya samaki zinazokimbilia jeraha na kulifunika. Watafiti wanazipenda kwa sababu zinakwenda haraka, hazibadili umbo sana njiani, na hazihitaji kitamizi, yaani kisanduku cha kuzitunza kwenye joto la mwili, kama seli za binadamu. Joto la chumba linatosha, na joto la chumba Dar mwezi wa pili tunalo la kutosha.

Nilichonacho: hadubini ya mtumba yenye lenzi za 4, 10 na 40, niliyoinunua mwaka jana kwa shilingi 260,000, na simu yangu. Leo nimeongeza kishikilia simu (15,000), slaidi 50 (8,000) na vifuniko vya slaidi 100 (6,000), vyote Kariakoo.

15 Februari. Feri, na makosa matatu kwa mpigo

Alfajiri nilikuwa soko la samaki la Feri. Vijana wa kupara samaki walikuwa kazini, magamba yanaruka kila upande, nikaona mradi umeshakamilika. Mmoja akanijazia mfuko wa magamba bila kunidai kitu. Nikanunua changu mmoja wa 10,000 kwa kuona aibu kuondoka na mfuko wa bure peke yake.

Nyumbani niliweka gamba juu ya slaidi, nikadondoshea maji ya bomba niliyoyachemsha na kuyapoza, nikafunika. Nilikaa kwenye hadubini kwa saa mbili na nusu. Niliona ute, vipande vya ngozi, na seli zilizovimba na kupasuka. Hakuna kilichosogea.

Kosa la kwanza ni samaki mfu. Changu wale walikuwa wamelala kwenye barafu usiku kucha, na seli isiyopata oksijeni huishiwa ATP, nishati inayoendesha ujenzi wa aktini. Kosa la pili ni maji matupu. Chumvi iliyomo ndani ya seli huyavuta maji kuingia mpaka utando unapasuka, na kuyachemsha hakubadilishi chochote. La tatu ni kwamba gamba nililiweka bila kujali upande. Seli zinazotakiwa ziko kwenye uso wa nje wa gamba, ile sehemu ya upande wa mkia inayojitokeza. Sehemu ya upande wa kichwa imezama mfukoni mwa ngozi na haina cha kutusaidia.

Changu tulimla na ugali. Gharama yake ninaihesabu kwenye mradi.

1 Machi. Samaki hai, maji mabaya

Nilivuka na pantoni kwenda Kigamboni kwa shemeji yangu, ana bwawa la perege nyuma ya nyumba.

"Shemeji, samaki sita tu? Unafuga au unapika?"

"Nataka magamba yao machache, shemeji. Wenyewe nitakurudishia."

Aliniuzia sita wa kiganja kimoja kwa 18,000, tukawatia kwenye ndoo yenye maji ya bwawa. Ndoo kubwa na pampu ndogo ya hewa vilinigharimu 25,000. Kwa anayetaka kurudia: usiwabadilishie maji yote kwa maji ya bomba siku hiyo hiyo, kwa sababu ya klorini. Yaache maji kwenye ndoo wazi siku moja kwanza.

Kutoa gamba ni kazi ya sekunde. Mshike samaki ndani ya kitambaa kibichi, umfunike macho atulie, ushike ncha ya gamba kwa kibanio kidogo na kulivuta kuelekea mkiani. Usizidishe magamba matatu kwa samaki mmoja kwa siku, kisha umrudishe majini. Gamba huota tena.

Safari hii nilitumia maji ya dripu ya chumvi, yale ya asilimia 0.9, chupa ya nusu lita kwa 2,000. Niliona nimepata ufumbuzi safi: yametakaswa, chumvi imepimwa, bei ndogo. Nikaweka gamba kwenye slaidi uso wa nje ukiangalia juu, nikafunika kwa kifuniko ili seli zigusane na kioo cha juu, nikaziba kingo kwa mafuta ya mgando ili maji yasikauke.

Baada ya saa tatu, seli zilikuwa nzima. Hazikupasuka na hazikusinyaa. Zilikuwa mviringo, zinang'aa kama shanga, na zimetulia vile vile. Nikarudia jioni, nikarudia kesho yake na samaki mwingine. Shanga zile zile. Ukitikisa slaidi zinaelea, hazijashika kioo hata kidogo.

8 Machi. Kilichokosekana ni kalsiamu

Nilimpigia dada mmoja tuliyesoma naye, sasa ni mtaalamu wa maabara. Nikamweleza yote. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali moja: "Mdogo wangu, hayo maji yako yana kalsiamu?"

Hayakuwa nayo. Dripu ya chumvi ni maji na kloridi ya sodiamu, basi. Seli haitambai hewani, inatambaa kwa kushika. Kwenye utando wake kuna protini ziitwazo integrini, ambazo kwa nje hushika sakafu na kwa ndani huungana na nyuzi za aktini. Integrini hazishiki bila ioni kama za kalsiamu au magnesiamu. Seli zangu zilikuwa na kiunzi, zilikuwa na nishati, ila zilikuwa kama ngalawa iliyokatwa nanga: kamba unaivuta, na hakuna kinachokuvuta wewe.

Hili lilinikumbusha kisa cha Sydney Ringer, daktari wa London. Mwaka 1882 alieleza jinsi moyo wa chura uliotolewa mwilini ulivyoendelea kupiga ndani ya maji ya chumvi. Mwaka uliofuata akaandika kusahihisha: maji yale hayakuwa yametoneshwa, yalikuwa ya bomba, na kalsiamu iliyokuwamo ndiyo iliyouwezesha moyo kupiga. Alipotumia maji safi kabisa moyo ulisimama. Zaidi ya miaka 140 imepita, na mimi nimejikwaa kwenye jiwe lile lile. Maji yanayobeba jina lake yanauzwa kwenye duka la dawa mtaani kwetu, nusu lita kwa 2,500, na yana sodiamu, potasiamu, kalsiamu na laktati.

Nilinunua chupa mbili. Yanaelekea kuwa na uchachu kidogo, kwa hiyo nikaongeza punje chache za magadi ya kuokea, zinazokaa kwenye ncha ya kisu, nikapima kwa karatasi za kupimia pH mpaka ikakaribia 7.4. Ukizidisha magadi utaona maji yanafanya ukungu mweupe. Hiyo ni kalsiamu inageuka chokaa, yaani unakitoa tena kitu ulichokuja kukitafuta. Yamwage, anza upya. Mimi nilimwaga mara moja.

Saa mbili na nusu baada ya kuweka gamba, shanga zilikuwa zimepungua karibu na ukingo wa gamba. Zimekwenda wapi? Sikuona kitu. Nikadhani zimekufa.

15 Machi. Zilikuwepo muda wote

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote, na ndipo ninapomwomba msomaji asiwe na haraka.

Keratosaiti ikishashika kioo hujitandaza. Mbele yake inatoa ubapa mpana wa utando, lamelipodia, wenye unene wa sehemu moja au mbili za kumi za mikromita. Ni kitu chembamba kiasi kwamba mwanga unapita bila kupungua. Kwenye hadubini ya kawaida, yenye mwanga uliofunguliwa wote, seli ya namna hiyo haina rangi wala kivuli. Nilikuwa naitazama bila kuiona. Maabara kubwa zina hadubini za fezi zinazogeuza tofauti ndogo za kasi ya mwanga kuwa weusi na weupe. Frits Zernike alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1953 kwa ubunifu huo. Hadubini yangu haina.

Nilijaribu kwanza kufunga kiwambo cha mwanga karibu chote. Ikasaidia kidogo: nikaona vitone, ambavyo ni miili ya seli yenye kiini. Nikajaribu kupaka rangi kwa bluu ya methilini kutoka maabara ya shule. Rangi ilionyesha seli vizuri sana, zimekufa zote. Nimepoteza samaki wa siku hiyo, yaani nafasi yake ya magamba matatu.

Kilichofanya kazi ni utepe mweusi wa umeme. Chini ya kondensa, lenzi inayokusanya mwanga chini ya slaidi, kuna kishikio cha kuwekea kichujio cha rangi. Niliweka pale kipande cha plastiki angavu, nikaziba nusu yake kwa utepe ili mwanga uingie kwa upande mmoja tu, kama jua la saa kumi na mbili jioni. Jua la mchana kutwa halionyeshi nyayo mchangani, jua la jioni linaonyesha kila alama. Nikawa nausogeza utepe milimita kwa milimita huku natazama. Kwenye thuluthi mbili za giza, picha ikainuka.

Zilikuwa kumi na kitu, zimetoka chini ya gamba kama mkeka, zimeshikana mabega. Ukingo wa mbele ulikuwa mpana na laini, unasonga. Nilimwita mdogo wangu aje aone kabla umeme haujakatika, maana siku hiyo ulikuwa umeshakatika mara mbili. Alitazama muda mrefu, kisha akasema, "Dada, hii inakwenda kweli."

Tahadhari moja ya lenzi: usitafute seli zilizoshuka kwenye slaidi ya chini. Lenzi ya 40 ina nafasi ndogo na itagonga kifuniko. Tafuta zile zilizopanda kwenye kifuniko cha juu, upande wake wa ndani. Kifuniko kimoja kimevunjika ili nijue hili, lenzi imesalimika.

22 Machi. Matofali ya masika

Mvua zimeanza. Leo asubuhi mbele ya duka la mangi kulikuwa na dimbwi la njia nzima, na mtoto wa jirani alikuwa analivuka kwa matofali matatu. Anasimama juu ya mawili, anainama, anaokota la nyuma, analiweka mbele, anakanyaga. Nilisimama na mwavuli nikimtazama mpaka akafika upande wa pili.

Hivi ndivyo aktini inavyofanya, na ndiyo picha nitakayoipeleka darasani badala ya zile fito. Uzi wa aktini ni mnyororo wa molekuli ndogo za duara zilizopangana. Molekuli mpya huongezwa kwenye ncha inayotazama ukingo wa seli, na kule nyuma za zamani huchomoka na kurudi kwenye mzunguko. Tofali lililokwisha kuwekwa halisogei, anayesogea ni mtoto. Mwaka 1991 Julie Theriot na Timothy Mitchison walilipima jambo hili kwenye keratosaiti za samaki: walitia alama kwenye aktini ya lamelipodia, na alama zikabaki mahali pake juu ya kioo huku seli ikipita juu yake. Mbele ukingo unasukumwa na ujenzi huo. Nyuma kuna miosini, jamaa ya ile miosini ya misuli yetu, inayobana na kuvuta mkia wa seli ili nao uachie kioo.

Aktini yenyewe ilitambuliwa na Brunó Straub mjini Szeged, Hungaria, mwanzoni mwa miaka ya 1940, kwenye maabara ya Albert Szent-Györgyi, na walikuwa wanachunguza misuli. Mkono unaobeba ndoo na seli inayofunika jeraha la perege vinatumia vifaa vile vile.

29 Machi. Wageni

Niliacha slaidi usiku kucha ili nione mkeka umefika wapi. Asubuhi maji yalikuwa yamejaa bakteria, wanakimbia kila upande, na keratosaiti zimerudi kuwa shanga. Kwenye nyuzi joto 31 bakteria hawasubiri.

Suluhisho: suuza gamba mara nne kwenye vibakuli vinne vya maji ya Ringer kabla ya kuliweka kwenye slaidi, na usivuke saa sita. Keratosaiti hazihitaji zaidi. Wengi hutaka kutia dawa ya kuua bakteria. Mimi sikutia na sishauri wanafunzi wachezee antibiotiki kwa ajili ya picha.

Ila wageni hawa walinipa kipindi kizima cha kufundisha. Bakteria hawaogelei kwa aktini wala tubulini. Mkia wa bakteria ni uzi uliojipinda wa protini ya flajelini, unaozungushwa na mota iliyoko kwenye shina lake, kama pangaboi la boti. Mkia wa mbegu ya kiume, au vinyweleo vya paramesia, kiumbe cha seli moja, ni kitu kingine kabisa: ndani yake kuna jozi tisa za mikrotubuli zilizozunguka mbili za katikati, na protini ya dineini inazitelezesha jozi hizo mpaka mkia unapinda. Kwa Kiswahili tunaviita vyote mkia, na kwenye mtihani wanafunzi wanavichanganya.

12 Aprili. Kupima mwendo, mara mbili

Dada wa maabara aliniazima kioo cha Neubauer cha kuhesabia seli za damu. Miraba yake midogo kabisa ina upande wa milimita 0.05, yaani mikromita 50. Unakipiga picha kwa lenzi ile ile, kisha unajua nafasi kati ya nukta na nukta kwenye picha ya simu ni kiasi gani.

Nilirekodi picha moja kila sekunde 10 kwa dakika 20, nikafuata seli tisa. Wastani ukaja mikromita 31 kwa dakika. Nilifurahi, halafu nikaanza kupata mashaka, maana keratosaiti zinazokwenda 30 ndizo za kasi ya juu kabisa na zangu zilikuwa bado zimeshikana kwenye mkeka. Nikafungua picha ya kioo cha kuhesabia: niliipiga bila kukuza, na video niliirekodi nikiwa nimekuza kwenye simu. Kazi ya jioni mbili ilikuwa bure.

Kurekebisha ni rahisi: usiguse ukuzaji wa simu, na piga picha ya miraba kabla na baada ya kila video. Nikarudia. Seli tisa nyingine, nyuzi joto 30 chumbani, wastani mikromita 13 kwa dakika, ya polepole 8 na ya haraka 19. Kwa kulinganisha, fibroblasti, seli za tishu zinazounda kolajeni, kwa kawaida hazifikishi mikromita 1 kwa dakika.

26 Aprili. Chupa iliyoshindwa inapata kazi

Nilitaka kuona keratosaiti moja moja, zilizoachana na mkeka, kwa sababu hapo ndipo umbo lake linaonekana: ubapa mpana mbele, mwili umejikunja nyuma kama mzigo mgongoni. Njia ya maabara ni kutumia kemikali inayonasa kalsiamu, kwa kuwa kadherini, protini zinazozishikanisha seli zenyewe kwa zenyewe, nazo zinategemea kalsiamu. Kemikali hiyo sikuipata kwa bei ninayoiweza.

Nikakumbuka ile dripu ya chumvi ya Machi, bado ilikuwa nusu chupa kwenye kabati. Maji yasiyo na kalsiamu, tayari. Niliinua kifuniko taratibu, gamba likabaki chini na seli zikabaki juu ya kifuniko. Nikakichovya kwenye maji ya chumvi mara tatu, dakika moja moja, kisha nikakirudisha kwenye Ringer, na kukigeuza juu ya slaidi mpya yenye vipande viwili vya utepe pembeni ili seli zisibanwe.

Mara ya kwanza nilikaa dakika tano kwa kila chovyo na seli zote zikaachia kioo. Mara ya pili, kwa dakika moja, nyingi zilibaki kwenye mkeka ila kumi na nne ziliachana. Saa moja baadaye zilikuwa zinatambaa kila moja njia yake.

Na pale nikaona kitu nilichokuwa nimekisoma tu. Seli moja ilikwama mkia kwenye uchafu, ikajivuta, na kipande cha ubapa wake kikakatika. Hakina kiini. Mwili wa seli ulibaki nyuma na kipande kikaendelea mbele, kidogo, chenye umbo la mwezi mchanga, kwa dakika saba nilizoweza kukifuata kabla hakijatoka kwenye picha. Mwaka 1984 Ursula Euteneuer na Manfred Schliwa walieleza kwamba keratosaiti, na hata vipande vyake, huendelea kutambaa kwa mwelekeo wao bila mikrotubuli. Mwaka 1999 Alexander Verkhovsky, Tatyana Svitkina na Gary Borisy walionyesha kwamba kipande kilichotulia kinaweza kuanza safari kwa kusukumwa tu upande mmoja. Mwendo wa seli hii haungoji amri kutoka kwenye kiini. Umo ndani ya aktini na miosini zenyewe, mradi kuna nishati na pa kushika. Nimeirudia video ile mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

10 Mei. Baridi

Jaribio fupi. Niliweka slaidi juu ya mfuko wa maji baridi na kipimajoto kidogo pembeni. Jaribio la kwanza halikufaa: hewa ya Dar ina unyevu mwingi, kioo kikafunikwa na umande na lenzi ikaona ukungu. La pili nilifuta kila dakika kwa karatasi laini na kuelekeza feni kwenye hadubini. Kwenye nyuzi 14 hivi seli sita zilishuka mpaka mikromita 4 kwa dakika. Nilipoondoa mfuko zilirudi kwenye 11 ndani ya robo saa. Sitii namba hizi uzito mkubwa, seli sita ni chache, lakini zilipunguza mwendo na kuurudisha zikiwa hai, na wanafunzi wanaweza kurudia.

17 Mei. Darasani, na hesabu

Nilipeleka hadubini, perege wawili kwenye ndoo, na slaidi niliyoiandaa asubuhi. Projekta ya shule haikukubali kuungana na simu, kwa hiyo walipanga foleni. Yule msichana wa dirishani alikaa muda mrefu kuliko wengine, wenzake wakaanza kunung'unika. Alipoinuka akasema, "Mwalimu, kwa hiyo zile fito hazivunjiki. Seli inazihamisha." Nikamwambia afute mchoro wangu ubaoni na achore wake. Alichora mtoto na matofali, kwa sababu nilikuwa nimewasimulia, lakini akaongeza kitu ambacho sikukisema: alichora tofali la nyuma likiwa limemeguka vipande, na mshale unaopeleka vipande mbele. Uzi wa aktini kweli humeguliwa kabla ya kutumika tena, na protini inayofanya hivyo inaitwa kofilini. Hajawahi kuisikia.

Gharama bila hadubini: kishikilia simu 15,000, slaidi 8,000, vifuniko 6,000, dripu ya chumvi 2,000, Ringer mbili 5,000, perege 18,000, ndoo na pampu 25,000, changu wa Feri 10,000, nauli na pantoni 14,000, utepe na mafuta ya mgando na vikorokoro 4,000. Jumla 107,000. Anayeanza leo kwa kufuata shajara hii aondoe changu, na ajaribu kuazima ndoo.

24 Mei. Perege wamerudi

Nimewavusha wote sita kwa pantoni. Kabla ya kuwaachia bwawani nilitoa gamba moja kutoka pale nilipotoa la kwanza mwezi Machi, nikarudi nalo ndani ya kichupa. Chini ya lenzi ya 4, gamba la kawaida lina mistari ya duara inayoanzia katikati kabisa, mmoja ndani ya mwingine. Hili jipya katikati yake ni tupu, hakuna mstari hata mmoja, kisha ghafla mistari inaanza, imara na wazi, kuelekea ukingoni. Gamba lililoota mara ya pili hukua haraka mno mwanzoni na haliandiki miduara ile ya ndani. Nimelibandika kwenye slaidi, nimeandika tarehe, na nimelipeleka maabara ya shule likae karibu na lile la kwanza.